Ukali wa mlo usio na kitu cha mnyama: uuweke wapi?

SWALI: Nina umri wa miaka 31, ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nimeolewa na bado sijapata mtoto. Kwa miaka miwili na nusu sasa sili nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na sababu yangu ni moja tu: sitaki kuwa na mkono katika mateso ya wanyama. Nyumbani nina sufuria yangu na mwiko wangu. Mwezi uliopita mama mkwe alinipakulia kisamvu, na nilipogundua kimetiwa dagaa nikakikataa mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hatuna maelewano. Siku nyingine nilikula mandazi shuleni, kisha nikaambiwa yamekandwa kwa maziwa, nikajisikia nimechafuka. Vidonge vya vitamini sivitaki kwa sababu maganda yake yana jelatini, na ninaamini mimea inatosha. Tunatarajia kutafuta mtoto mwakani, na nimeanza kumeza foliki asidi niliyopewa kliniki. Afya yangu ni njema, isipokuwa uchovu na ganzi kidogo kwenye vidole vya miguu. Je, utaratibu huu niushike kwa ukali kiasi gani?

JIBU: Ganzi ya vidole umeitaja mwishoni kama jambo dogo, lakini mimi nitaanza nayo, kwa sababu kabla hatujazungumzia kisamvu na mandazi ni lazima ufike hospitali, na ufike wiki hii. Mtu ambaye kwa miaka miwili na nusu hajala nyama, samaki, mayai wala maziwa, na ambaye hamezi vitamini B12, akianza kuhisi uchovu na ganzi ya miguu, jambo la kwanza ambalo mtaalamu yeyote wa lishe atalifikiria ni upungufu wa vitamini hiyo. Inawezekana ni jambo jingine, kwa mfano kisukari, na ndiyo maana nakutuma kwa daktari badala ya kukuandikia tiba hapa. Mweleze wazi kile unachokula na usichokula, mwombe kipimo cha vitamini B12 katika damu pamoja na picha kamili ya damu, na ikiwa hospitali ya karibu haina kipimo hicho, uliza ni wapi sampuli inaweza kupelekwa. Ukithibitika kuwa na upungufu, huenda ukapewa sindano, nazo usizikatae.

Nakuharakisha kwa sababu ya hizo foliki asidi. Upungufu wa B12 hudhuru mahali pawili: katika damu, ambako chembe nyekundu hutengenezwa kubwa kupita kiasi na chache, na katika mishipa ya fahamu, ambayo hupoteza utando wake wa kinga. Foliki asidi inaweza kurekebisha ile hitilafu ya damu, ikamfanya mgonjwa na hata daktari waamini mambo ni shwari, wakati madhara ya mishipa ya fahamu yanaendelea kimyakimya, na madhara hayo yakikaa muda mrefu huenda yasirudi nyuma kabisa. Sisemi uache kumeza foliki asidi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anazihitaji, mikrogramu 400 kwa siku, ili kumkinga mtoto dhidi ya kasoro za uti wa mgongo. Nasema tu kwamba kumeza hizo bila B12, kwa mtu wa mlo wako, ni kuziba dirisha ambalo kwalo ugonjwa ungeonekana.

Sasa naweza kukujibu ulichouliza, na jibu langu ni kwamba ukali wako si mwingi mno wala si mdogo mno, bali umekaa mahali pasipo pake. Umekuwa mkali sana juu ya mwiko uliogusa mchuzi, jambo ambalo halimwongezei wala kumpunguzia mnyama yeyote siku ya kuishi, na umekuwa mlegevu kabisa juu ya kidonge kimoja ambacho bila hicho mlo wako hauwezi kusimama.

Tukianza na kidonge, B12 haitengenezwi na mnyama wala na mmea. Hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe huipata kwa sababu tumbo lake lina bakteria wanaoitengeneza kutokana na madini ya kobalti yaliyomo katika majani, na sisi huipata kwa kula nyama yake au kunywa maziwa yake. Mchicha, kunde, karanga, uyoga wa porini au mboga yoyote ya kuchuma haina kiasi cha kutegemewa, na mwani unaolimwa katika pwani yetu usiufanye tegemeo. Hata spirulina, unga wa kijani utokanao na viumbe vidogo vya majini, ambayo watu huuziwa kwa bei kubwa kama dawa ya jambo hili, ina kitu kinachofanana na B12 katika vipimo lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Kwa hiyo imani yako kwamba mimea inatosha ni ya kweli kwa karibu kila kirutubishi isipokuwa hiki, na kwa bahati mbaya hiki ndicho ambacho mwili hukiweka akiba katika ini kwa miaka miwili hadi mitano, hivyo kwamba mtu huacha vyakula vya wanyama, akajiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, akahitimisha kwamba waliomtahadharisha walikuwa wanamtisha.

Hili si jambo geni. Chama cha kwanza cha watu wa mlo huu, Vegan Society, kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake wachache, walipoona kwamba walaji mboga wenzao hawakutaka kulizungumzia suala la maziwa na mayai. Vitamini B12 ilitengwa maabara mwaka 1948, yaani miaka minne baadaye. Wale waanzilishi walikuwa wameingia katika mlo ule bila kujua kwamba kuna kitu kinakosekana, na katika miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza wakaeleza miongoni mwa wafuasi wake dalili za ulimi kuuma, ganzi na kukatika kwa hedhi. Leo chama hichohicho, ambacho hakuna awezaye kukituhumu kwamba kinatetea wafugaji, kinawaambia wafuasi wake wale vyakula vilivyoongezwa B12 au wameze mikrogramu 10 kila siku au mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Usishangae tofauti ya viwango hivyo viwili: utumbo una njia maalumu inayoweza kupokea takriban mikrogramu mbili tu kwa mara moja, na kinachozidi hapo hufyonzwa kwa kiasi cha asilimia moja hivi, ndiyo maana anayemeza mara chache hulazimika kumeza nyingi. Hivyo ni viwango vya mtu mzima asiye na upungufu. Vya kwako daktari ataviamua baada ya vipimo.

Kuhusu jelatini, ni kweli hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na ni kweli vidonge vingi vya ganda laini huwa nayo. Lakini B12 huuzwa pia kama kidonge kigumu cha kumeza, cha kutafuna au cha kuweka chini ya ulimi, na B12 iliyomo hutengenezwa viwandani kwa kuwakuza bakteria, bila mnyama. Soma lebo, muulize mfamasia, na ukikosa kabisa kisicho na jelatini, meza chenye jelatini. Maana ya mlo huu iliyoandikwa na chama nilichokitaja ina sharti ambalo wanaojinadi kwa ukali hulisahau: kujiepusha na unyonyaji wa wanyama kwa kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Walioiandika maana hiyo waliacha mlango huo wazi makusudi, na dawa ndizo za kwanza kupita hapo.

Nikirudi kwenye sufuria na mwiko, niliposoma neno lako "nimechafuka" nilidhani nimeelewa kinachokusumbua. Mtu aliyelelewa mwambao amekua na kanuni za twahara na najisi, ambazo ndani yake chombo kilichogusa kilichokatazwa huhitaji kutakaswa, na ulimi ulioonja bila kujua humfanya mtu ashtuke. Hizo ni kanuni za ibada, zina msingi wake, na sina neno juu yake. Lakini wewe hukuacha dagaa kwa sababu dagaa ni najisi. Uliwaacha kwa sababu hutaki kushiriki katika kuwaua. Ukiazima kanuni ya najisi na kuitia katika suala la kuwahurumia wanyama, utajikuta unapima kwa kipimo kisicho chake. Swali la najisi huuliza nini kimegusa nini, ilhali swali lako linauliza ni uamuzi gani utakaosababisha mnyama mwingine afugwe, akamuliwe au avuliwe. Mandazi uliyokula yalikuwa yamekwisha kukandwa, kukaangwa na kununuliwa, na hukujua. Hakuna ng'ombe aliyekamuliwa kwa ajili ya kosa lile. Ukiyanunua kesho kwa kujua, hapo ndipo kuna la kuamua.

Ipo hali moja ambayo chembe ndogo ni jambo zito, nayo ni mzio. Mwenye mzio wa samaki anaweza kuvimba koo kwa mafuta yaliyokaangiwa changu, na kwake sufuria ya peke yake inaweza kuwa kinga ya maisha. Tofauti hii ina maana hata kwa adabu ya mezani, kwa sababu mtu asiye na mzio akidai tahadhari za mwenye mzio, wapishi huzoea kuona kwamba tahadhari hizo ni madaha, na siku akija mwenye mzio wa kweli wakampuuza.

Kwa hiyo ningekushauri hivi. Jikoni kwako, kwa fedha yako, kuwa mkali kadiri moyo wako unavyotaka, kwani hapo ndipo ununuzi wako unapoamua jambo: majarini fulani zina unga wa maziwa ndani yake, biskuti nyingi vilevile, na kusoma lebo hakukugharimu kitu. Ukiwa nje, uliza kabla ya kununua, lakini usiuchunguze mwiko wala mafuta. Ukigundua baada ya kula kwamba kulikuwa na maziwa, endelea na siku yako. Na kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa samaki, uamuzi ni wa ladha na kinyaa, si wa maadili. Kama huwezi kuyastahimili, sema hivyo, kwa kuwa kinyaa ni sababu halali inayoeleweka na kila mtu.

Suala la mama mkwe ni tofauti, kwa sababu pale ulikuwa unajua. Kukataa kula dagaa waliomo katika kisamvu kulikuwa haki yako, na kwa mujibu wa sababu zako ulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni wakati na mahali. Mkweo alikipakua chakula mbele ya wageni, na kwa desturi zetu sahani inayorudishwa mbele ya watu haisomwi kama maoni juu ya dagaa, bali kama maoni juu ya mpishi. Hapa mumeo amekuacha peke yako bila sababu. Ni mama yake, na yeye ndiye aliyepaswa kumweleza mapema, kwa simu, kabla hamjafunga safari. Mwombe mumeo akaseme hata sasa, pamoja na salamu zako za kuomba radhi kwa namna ulivyokataa, bila kuomba radhi kwa kile unachokiamini. Safari ijayo ombeni jambo jepesi: kisamvu kipakuliwe sehemu yako kabla ya dagaa kutiwa. Mpishi wa kisamvu hukitwanga, akakichemsha muda mrefu kama inavyotakiwa ili sumu ya majani ya muhogo iondoke, kisha ndipo akatia nazi na dagaa mwishoni, kwa hiyo bakuli lako halimwongezei kazi wala chungu cha pili. Au nenda na karanga zilizotwangwa, ukae naye jikoni, kisamvu cha nazi na karanga mkipike pamoja.

Sasa niseme juu ya hao dagaa, maana katika mazungumzo ya mlo huu ambayo watu wetu huyapata kwenye intaneti, mengi yakiwa yameandikwa kwa ajili ya msomaji wa London au Marekani, hawatajwi kabisa. Katika kaya nyingi za kwetu kuacha nyama si badiliko kubwa, kwani nyama ilikuwa ya Jumapili na ya sikukuu. Kuacha dagaa ndiko kuacha hasa. Dagaa mdogo huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kwa njia hiyo kijiko kimoja katika mboga kilikuwa kinaleta kwa pamoja B12, kalsiamu, zinki, na mafuta ya omega 3, na wale wa baharini wakaongeza madini joto, vyote kwa bei ambayo hakuna kitu kingine sokoni kinachoifikia. Mkazi wa London akiacha samaki na maziwa, dukani kwake kuna maziwa ya soya ambayo kiwanda kimeyaongezea kalsiamu na B12. Wewe ukisaga soya nyumbani Tanga unapata protini nzuri, lakini hakuna aliyekuongezea chochote. Kufuata ukali wa mtu yule bila kuwa na duka lake ni kuchukua nusu ya utaratibu.

Protini isikusumbue. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, karanga na soya, zikiliwa kwa zamu pamoja na ugali au wali, zinatosha, na makande bado ni chakula kizuri.

Madini joto yanahitaji uangalifu zaidi, na hasa pwani, ambako watu huamini kwamba chumvi ya bahari lazima iwe nayo. Chumvi inayokaushwa katika mashamba ya chumvi na kuuzwa kwa kibaba ina kiasi kidogo mno cha madini joto mpaka pale yanapoongezwa kiwandani. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa imeongezwa madini joto, na uihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku na mjamzito zaidi ya hapo, kwa ajili ya tezi ya shingo na ubongo wa mtoto.

Kalsiamu nayo ina mtego wake. Watu huhesabu mchicha kama chanzo kikuu, na kweli unayo kwa wingi, lakini una pia oksaleti inayoishika kalsiamu hiyo isifyonzwe. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo, kwa hiyo kalsiamu yake hufika mwilini kwa urahisi zaidi. Ulezi una takriban miligramu 340 katika gramu 100, kiasi kinachouacha mbali unga wa mahindi, na ufuta usiokobolewa unayo tele. Lengo lako ni miligramu 1,000 kwa siku. Nalitilia mkazo hili kwa sababu ya uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia watu wapatao 55,000 kwa miaka mingi na kukuta kwamba wasiokula kitu chochote cha mnyama walivunjika mifupa zaidi kuliko walaji wa nyama, na nyonga zaidi ya mara mbili. Uzito mdogo wa mwili, kalsiamu chache na protini chache vilieleza sehemu ya tofauti hiyo lakini si yote. Kama umekonda sana tangu ulipoanza, jambo ambalo hukulisema, basi hilo nalo mweleze daktari.

Katika madini chuma, tatizo ni chai. Madini chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, na chai inayonywewa pamoja na chakula huizidisha shida hiyo, iwe ya rangi au ya viungo. Mahamri na mbaazi kwa chai ni kifungua kinywa ambacho sitathubutu kumwambia mtu wa Tanga akiache; namwomba tu aisogeze chai hadi saa moja baada ya chakula, na mbaazi azikamulie ndimu au ale embe au pera pembeni, kwani vitamini C hufanya kazi iliyo kinyume na ya chai. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kuchachusha uji, na kutumia kimea, njia ambazo bibi zetu walizijua, hupunguza fitati ambazo huzuia madini chuma na zinki. Wanawake wa umri wako huhitaji miligramu 18 kwa siku, na wataalamu wa Marekani hukadiria kuwa asiyekula nyama ahesabu mara 1.8 ya kiwango cha kawaida.

Unga wa viwandani ulioongezwa virutubishi unaweza kusaidia katika madini chuma, foliki asidi na hata B12, lakini unga unaosagwa mashineni mtaani huna haki ya kuudhania hivyo, na vyovyote vile usiuhesabu kama mbadala wa kidonge.

Linabaki suala la mimba, ambalo ni zito kuliko yote uliyoyauliza. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilitamka mwaka 2016 kwamba mlo wa mimea pekee uliopangwa vizuri unafaa katika hatua zote za maisha, pamoja na ujauzito. Tamko lake jipya la mwaka 2025 limejifunga kwa watu wazima wasio wajawazito wala wasionyonyesha. Hilo halina maana kwamba kimegundua madhara, ila linaonyesha kwamba wenye elimu hii wenyewe huchagua maneno yao kwa tahadhari. Rai yangu ni kwamba mwanamke anaweza kushika mimba na kuzaa salama katika mlo huu, kwa masharti: B12 yake iwe imepimwa na kurekebishwa kabla ya kuanza kutafuta mtoto, ameze kidonge chake bila kukosa mimba yote na wakati wote wa kunyonyesha, apate madini joto, kalsiamu na madini chuma ya kutosha, na mkunga wake ajue tangu hudhurio la kwanza. Mtoto tumboni hupata B12 kupitia kondo la nyuma na kisha kwa maziwa ya mama. Mama asiyekuwa nayo hana cha kumpa, na mtoto mchanga hana akiba ya miaka kama mtu mzima. Watoto wa namna hii huzaliwa wakionekana wazima, kisha baada ya miezi michache wakaacha kutabasamu, wakalegea, wakarudi nyuma katika hatua walizokwisha kuzifikia, na wengine hubaki na athari katika ubongo.

Na kama masharti hayo hayatekelezeki, kwa sababu ya fedha, kwa sababu dawa hupotea dukani kwa miezi, au kwa sababu moyo wako unakataa vidonge, basi ningekushauri bila kigugumizi urudishe mayai na maziwa kwa kipindi hicho. Najua hutapenda kusikia hivyo. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kwa zaidi ya siku 180 kwa mwaka, watawa wao hata 250, na ukali wao hakuna anayeutilia shaka. Hata hivyo kanisa lao huwaondolea wagonjwa na watoto wadogo wajibu huo, na kwa kawaida wajawazito pia. Anayesamehewa hahesabiwi kuwa amevunja mfungo.

Mtoto atakapofika miezi sita na kuanza kulikizwa, mimi ninasimama upande wa Shirika la Afya Duniani, ambalo katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku nyama, samaki au mayai. Tumbo la mtoto ni dogo, uji na ndizi hulijaza upesi, na yai moja lina mengi ambayo bakuli zima la uji halina. Wapo wazazi wanaolea watoto bila vitu hivyo, kwa matone ya vitamini, vyakula vilivyoongezwa virutubishi na daktari wa karibu. Ukiwa na vyote vitatu tutazungumza. Na mtoto huyo atakuwa pia wa baba yake, kwa hiyo mazungumzo hayo mfanye ninyi wawili sasa, kabla mimba haijaingia na kabla bibi yake hajaingilia.

Nimeiacha asali mwisho kwa sababu kilishe ni sukari, huikosi kitu kwa kutoila, na kama unawahurumia nyuki, endelea kuiacha. Lakini kuna jambo la kukumbuka wakati huo utakapofika. Katika nyumba nyingi za pwani mtoto mchanga hulambishwa tende au asali siku anayozaliwa, na huenda mama mkwe akaja na kikombe chake akiwa na nia njema kabisa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha kupooza kwa misuli. Hilo ukilisema siku hiyo kitandani litasikika kama kisa cha kisamvu kimerudi. Mwombe mkunga alimweleze mapema, siku mtakayokwenda naye kliniki.